Jiko Likipasuka, Nani Alipe?

Msomaji, kesho asubuhi kabla ya kuwasha moto, chukua tochi uinamie jiko lako utazame ndani. Wengi wetu hatujawahi kufanya hivyo tangu siku tulipolinunua. Tunamwaga majivu, tunatia makaa, tunapepea, basi. Ni siku kipande cha udongo kinapodondoka ndipo tunapopiga kelele, na kelele yenyewe aghalabu humwendea mtoto aliyekuwa karibu.

Suala hili la nyufa huulizwa mara nyingi na akina mama wa Olympic, kule Kibera, na wenzao wa Kawangware. Si ajabu. Hata kama siku hizi nyumba nyingi za ghorofa zilizo kando ya Kibera Drive zina mtungi wa gesi jikoni, maharagwe na githeri bado hupikwa kwa makaa, kwa kuwa ni wazazi wachache walio tayari kuchoma gesi saa tatu nzima kwa ajili ya sufuria moja. Halafu kuna wale wanaouza chapati, mandazi na samaki, kuanzia pale matatu za namba 8 zinapogeuzia hadi vichochoro vinavyoteremka kuelekea Gatwekera na Kisumu Ndogo. Kwao jiko ni mtaji. Jiko likigonjeka Jumatatu, karo ya mtoto inaugua naye Ijumaa.

Swali wanalouliza ni moja: nilirudishe kwa aliyeniuzia, au nitafute udongo nizibe?

Jibu langu litawashangaza baadhi yenu. Usizibe kwanza. Kabla ya kugusa ufa huo, jiulize kama ni wako au ni wa fundi. Ukishapaka udongo wako juu yake, umekwisha kuuchukua kuwa wako, na hata ukimpelekea aliyekuuzia atakuambia, kwa haki kabisa, kwamba hajui jiko lilikuwa na nini kabla hujalichezea.

Chukua kisa cha mama mmoja anayepika karibu na Shule ya Msingi ya Olympic. Alinunua jiko kubwa la kuni, lile la mabati mazito lenye matofali ndani na bomba la moshi, kwa shilingi 9,500 alizokusanya kwenye chama. Fundi alimwambia, na mashahidi wakiwepo, kwamba ndani kuna matofali ya kuhimili moto na kwamba jiko lina garanti ya mwaka mmoja. Mwezi wa tatu matofali yakaanza kuachana. Mwezi wa nne ubavu wa jiko ukawa mwekundu moto ukikolea, na kuni alizokuwa akitumia siku mbili zikawa zinaisha kwa siku moja.

Alimwendea fundi. Mazungumzo yao, kama alivyosimulia, yalikuwa hivi:

"Fundi, jiko lako limepasuka."

"Mama, pole. Lakini hapa ulimwaga maji moto ukiwaka."

"Mimi? Kijana wangu, mimi nimepika kwa kuni tangu wewe hujazaliwa. Maji ningeyamwaga ya nini?"

"Basi ulitia kuni nyingi. Na tena mama, angalia pale ukutani."

Pale ukutani palikuwa na kile kibao ambacho kila mkazi wa Nairobi anakijua: mali ikishauzwa hairudishwi. Mama akageuka akaenda zake. Huko njiani akanunua saruji ya kujengea nyumba, kilo mbili za kupimiwa, akaja akaziba. Saruji ile ilidumu wiki mbili, ikawa unga.

Kibao kile, msomaji, ndicho kinachowafukuza watu wengi wenye haki. Wacha tukitazame vizuri.

KIBAO HAKINA NGUVU

Kenya ina sheria ya kuuza bidhaa, Sura ya 31, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Kwa lugha ya kawaida inasema hivi: ukinunua kitu kwa kuelezwa jinsi kilivyo, lazima kilingane na maelezo hayo. Ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kitu hicho kifanye, nawe ukategemea ujuzi wake, lazima kifae kwa kazi hiyo. Tena kiwe cha hali inayostahili kuuzwa. Kuna kinga moja kwa muuzaji: ikiwa ulikikagua kitu kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ungepaswa kuiona. Kwa hiyo ukinunua jiko lenye ufa unaoonekana waziwazi, halafu ukadai hukuuona, wewe ndiwe utakayekuwa na kazi ya kujieleza.

Baadaye ikaja Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na fidia ya hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya bidhaa. Kisha Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 ikapigilia msumari: muuzaji huhesabiwa kuwa ametoa udhamini kwamba bidhaa yake ina ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno, na sharti lolote linalojaribu kuuondoa udhamini huo ni batili. Hii ndiyo maana nasema kibao hakina nguvu mbele ya kasoro. Kinaweza kumzuia mtu aliyebadili nia tu, aliyefika nyumbani akaona jirani ana jiko zuri zaidi. Aliyeuziwa kitu kibovu hakimzuii.

Tumrudie mama wetu. Alipoyatoa matofali yale aligundua kwamba ni matofali ya kawaida ya kujengea ukuta, yakishikanishwa kwa saruji ya kawaida. Alikuwa ameahidiwa matofali ya kuhimili moto. Hapo hata garanti ya mwaka mmoja haihitajiki, maana bidhaa hailingani na maelezo iliyouzwa kwayo. Maji yamwagwe yasimwagwe, matofali hayabadiliki kabila.

Alichokosa ni karatasi. Risiti hakupewa, na ile garanti ilikuwa ya mdomo. Lakini hakuwa mikono mitupu kama alivyodhani. Alilipa kwa M-Pesa, na ujumbe wa M-Pesa una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Huo ni ushahidi mzuri kuliko risiti nyingi za kuandikwa kwa kalamu ya risasi. Wenzake wawili wa chama walisikia ahadi. Akarudi na simu yake, na tofali moja mfukoni, na mmoja wa wale wenzake. Safari hii hakugombana. Aliliweka tofali mezani akauliza, "Hili ni la moto au ni la nyumba?" Fundi akanyamaza. Walikubaliana kwamba fundi ataweka matofali yanayostahili kwa kazi yake mwenyewe, na mama atachangia nusu ya bei ya matofali hayo. Binafsi naona mama alistahili kutolipa hata senti. Lakini yeye alihesabu siku ambazo angekaa bila kupika akaona afadhali, na mwenye njaa ndiye ajuaye hesabu yake.

Kama fundi angekataa kabisa, kulikuwa na mlango mwingine. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa jiko la shilingi mia nane sikushauri uende huko, nauli peke yake itakumaliza. Kwa jiko la biashara, au lile kubwa lililonunuliwa na shule ndogo ya mtaani kwa makumi ya maelfu, ni jambo la kufikiria.

UFA HUSEMA

Sasa turudi kwenye tochi. Ufa ukitazamwa vizuri husema ulitoka wapi, na hapa nazungumza zaidi juu ya lile jiko la makaa lenye bakuli la udongo ndani ya mabati, ambalo liko karibu katika kila nyumba.

Jiko hilo lina historia inayohusu nyufa kuliko watu wanavyojua. Lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya, mwaka 1981. Wabunifu wetu waliliangalia jiko la ndoo la Thailand, wakalichanganya na jiko letu la mabati. Shirika la KENGO likasaidia kulieneza kwa mafundi wa jua kali. Tatizo lililowasumbua ni kwamba bati hupanuka sana likipata joto ilhali udongo hupanuka kidogo, na udongo uliobanwa na bati hupasuka. Ndiyo maana jiko unaloliona leo lina kiuno chembamba: bakuli la udongo hukaa sehemu ya juu peke yake, na kati yake na bati huwekwa mchanganyiko wa saruji na yale madini mepesi yaitwayo vamikulaiti, ambayo huzuia joto na kumpa kila mmoja nafasi yake ya kupumua. Fundi anayeruka hatua hiyo, akabandika bakuli moja kwa moja kwenye bati kwa saruji tupu, anakuuzia ufa ambao bado haujatokea.

Kasoro nyingine ya fundi ni bakuli lililochomwa nusunusu. Tanuri linakula kuni, na kuni ni pesa, kwa hiyo wengine hulizima mapema. Bakuli kama hilo ukiligonga kwa sarafu linatoa sauti ya kibuyu kilichooza, hali lililoiva hulia kama kikombe cha udongo. Ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga. Jaribu hayo mawili dukani, mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa pesa, na usimwonee haya. Tena tazama kama kuna vidoadoa vyeupe kwenye udongo. Hivyo ni vijiwe vya chokaa. Vikishachomwa hufyonza unyevunyevu wa hewani, huvimba, na kubandua udongo kipande kwa kipande. Hakuna mama duniani anayeweza kusababisha hilo kwa kupika.

Upande wa pili kuna nyufa zetu wenyewe. Mahali pamoja pakiwa na mtandao wa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, aghalabu maji yalimwagika hapo udongo ukiwa moto. Ufa unaoshuka wima kutoka kwenye kingo, chini ya kile kikonyo kinachobeba sufuria, mara nyingi ni wa ugali. Naam, ugali. Tunasonga kwa mwiko huku tumelikandamiza jiko kwa mguu, na nguvu zote zinamalizikia kwenye vikonyo vitatu. Ufa unaounganisha tundu na tundu pale chini majivu yanapopitia huletwa na kuchokoachokoa makaa kwa chuma, ingawa fundi aliyetoboa matundu yaliyokaribiana mno naye ana sehemu yake.

Na kuna kosa la siku ya kwanza. Jiko jipya likiwashwa kwa moto mkali, unyevu uliobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutokea kwa nguvu. Siku ya kwanza washa makaa machache tu, yaache yafe yenyewe. Siku ya pili ongeza. Siku ya tatu pika chai. Baada ya hapo usishtuke ukiona mstari mwembamba kama unywele. Karibu kila udongo unaopikiwa huwa na mistari hiyo, na jiko linaweza kuishi nayo miaka. Ufa wa kukuhangaisha ni ule unaopitisha ukingo wa sarafu, au unaorefuka kila wiki, au unaokuonyesha bati kwa upande wa pili.

Huo wa mwisho usichezewe hata siku moja. Moto ukilifikia bati moja kwa moja, bati hugeuka jekundu na kuoza haraka, na mtoto atambaaye hajui tofauti ya jiko la jana na la leo. Jiko ambalo sehemu ya chini imepasuka hudondosha kaa sakafuni, na katika nyumba za mbao na mabati zilizobanana, kaa moja linatosha kuita majirani wote na ndoo zao. Jiko la namna hiyo litolewe nje mpaka litengenezwe. La makaa, hata likiwa zima kabisa, halilali ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Wale walionunua majiko ya kiwandani, yenye kadi ya waranti na namba ya bidhaa, kazi yao ni nyepesi zaidi lakini wawe macho. Isome kadi siku ya kununua, usingoje siku ya kilio. Waranti nyingi hazihusu maji, kuanguka, wala kutumia kuni kwenye jiko lililotengenezewa makaa. Baadhi hutaka ujiandikishe kwa simu. Ukiona ufa, lipige picha siku hiyohiyo likiwa limepoa, kisha umpigie muuzaji kabla ya kumwita fundi wa mtaani. Na kwa jua kali, chukua karatasi ya daftari la mtoto, andika tarehe, bei, vifaa alivyosema ametumia, muda wa garanti, na kama inahusu udongo na bati au kimoja tu. Atie sahihi na namba ya simu. Mafundi wazuri hawakatai. Karatasi hiyo inawalinda hata wao, kwani wapo wateja wanaolimwagia jiko ndoo ya maji ili wawahi kulala, kisha asubuhi wanakuja kudai jipya.

TUKIZIBA

Ikiwa garanti imeisha, au ufa ni wako kweli, basi ziba. Achana na saruji ya kujengea. Joto likikaribia nyuzi 450, kile kinachoishikanisha hupoteza maji yake na kulegea, na ndicho kilichoyapata matumizi ya mama wetu. Tumia udongo wa kufinyangia, ule unaonata, uliochekechwa. Uchanganye na unga wa vigae vilivyotwangwa, yaani vipande vya chungu au bakuli la jiko la zamani, na majivu kidogo. Vigae hivyo vimekwisha kupita motoni, havinywei tena, kwa hiyo huuzuia udongo mpya usijikunje ukikauka na kuacha ufa mwingine kando ya ule wa kwanza. Mchanganyiko uwe mgumu kama unga wa chapati, usiwe uji.

Jiko liwe baridi. Ukwangue ufa kwa kisu hadi masizi yote yatoke, uupanue kidogo kwa ndani ili udongo upate mahali pa kushika, kisha uulowanishe kwa kitambaa. Shindilia kwa kidole, usipake juujuu kama mafuta. Weka kivulini siku tatu au nne, halafu uanze na vile vijimoto vidogo nilivyoeleza. Kuwa na subira hapa. Kazi nyingi za kuziba huharibikia kwenye haraka ya chajio.

Wenye asili ya magharibi mwa Kenya watalitambua fundisho hili, maana jiko la kuni la Upesi, lililofinyangwa na akina mama kama wale wa kikundi cha Keyo karibu na Kisumu, hujengewa jikoni kwa udongo wenyewe, na kulikandika upya ni kazi ya kawaida ya nyumba kama kufagia.

Bakuli likivunjika vipande viwili, kuziba ni kujidanganya. Lakini si lazima ununue jiko zima. Ikiwa bati bado lina nguvu, mafundi wa majiko, kuanzia Kamukunji hadi wale wa sokoni Kawangware, huuza bakuli peke yake na kulikaza kwa malipo madogo. Nenda na bati lako ulipime hapohapo, kwa sababu vipimo vya mafundi havifanani. Jiko la matofali nalo hutaka tofali la kuhimili moto pamoja na saruji yake maalumu ya moto, huku ukiacha nafasi ndogo kati ya matofali na bati. Mshono wa bati uliopasuka ni kazi ya mchomeleaji, si ya mwashi.

Bakuli la zamani usilitupe mtaroni. Litwange, uchekeche, uweke unga wake kwenye mkebe mkavu. Utauhitaji ufa mwingine ukitokea. Bati lililooza mpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hulipima kwa kilo, na ukimwondolea saruji iliyogandamana atakulipa bila mabishano marefu.